Nyuzi Zimejaa Kabatini

Swali: Kila Jumapili nikipita soko la Kibuye, Kisumu, hununua nyuzi za kufumia, ilhali kabati limejaa na vitambaa vya viti nilivyoanza havijaisha. Nifanyeje?

Jibu: Dada yetu, yamwage mabonge yote mkekani, kisha ufunge kipande cha kila rangi kwenye kadi utakayobeba mkobani, kwa maana sokoni macho husahau kilichoko nyumbani. Kishawishi kimoja, cha kununua uzi mwingi kwa mpigo, nakiri, kina haki: nambari ya fungu la rangi, yaani la nyuzi zilizotiwa rangi pamoja, ikitofautiana kwenye lebo, kitambaa huweza kuonyesha mstari pale uzi mpya ulipoanzia. Basi nunua uzi wa kazi nzima siku moja, ila baada ya kumaliza iliyo mkononi. Uzi wa sufu utangulize, kwani viwavi wa nondo huula. Wa akriliki, usiotokana na mnyama, utangoja.