Shule mbili za serikali Mbagala: usiishie kwenye wastani

Habari dada. Mnahamia Mbagala, Dar es Salaam, na umeuliza kama wastani wa matokeo unatosha kukuchagulia moja ya shule hizo mbili, na kama mwanao wa darasa la tatu, anayeongea Kisukuma nyumbani, atabaki nyuma.

Wastani peke yake hautoshi. Kwenye tovuti ya NECTA, yaani Baraza la Mitihani la Tanzania, anza na idadi ya watahiniwa. Wastani huo unatoka kwenye mtihani wa darasa la saba: masomo sita, alama 50 kila moja, jumla 300. Shule ya watahiniwa 40 huwezi kuilinganisha kirahisi na ya 400. Angalia wangapi wana D na E, madaraja ya chini kabisa. Fungua na matokeo ya darasa la nne, ndiyo yanayomsubiri mwakani.

Kisha nenda mwenyewe, umwombe mwalimu mkuu uone madaftari. Mimi hicho ndicho kilichoniamulia: daftari la hisabati la mtoto wa dawati la nyuma kabisa lilikuwa limesahihishwa kwa wino mwekundu, hesabu kwa hesabu.

Kisukuma kisikutie hofu hata kidogo. Mbagala watoto wametoka kila kona, na Kiswahili cha kuongea watakidaka wakicheza. Kinachochelewa ni kusoma kwa ufahamu, kwa hiyo mbane mwalimu wa darasa akueleze anavyowasaidia wasiojua kusoma vizuri. Uhamisho uanzie huko huko, kwenye shule anayosoma sasa, kabla hamjapanda basi.