Magugu maji: tuyaache yaozee ziwani au tuyavute nchi kavu?

Mkuu, umeuliza kama kikundi chenu cha mwalo kikate magugu maji na kuyaacha yaozee humo humo ziwani, na kama zile chupa za vimeng'enya (protini zinazoharakisha kuvunjwa kwa mabaki) mnazouziwa zitaharakisha kazi. Kwa yote mawili nasema hapana. Natengeneza mboji ya magugu haya huku Mwanza, kwa hiyo nakuambia ninachokiona.

Vimeng'enya havijapungua ziwani. Jani likifa, sukari na potasiamu huanza kuvuja zenyewe, kisha bakteria na kuvu wanalivamia. Hawa hawatafuni. Wanamwaga vimeng'enya nje ya miili yao, selulosi, yaani nyuzi zinazojenga mmea, inakatika kuwa sukari, ndipo wanafyonza. Kimoja kinaitwa fosfatasi: kinafungua fosfeti, kirutubisho kilichokuwa ndani ya mmea, inarudi majini, na magugu mapya yanaila. Ukikata na kuacha, unayalisha yanayokuja. Tena bakteria wakiwa kazini wanamaliza oksijeni, samaki wanakufa, na harufu ya mayai viza inapanda.

Penye kazi hasa ni lignini, ile sehemu ngumu inayoupa mmea uimara. Vimeng'enya vinavyoivunja vinahitaji oksijeni, na kwenye tope haipo. Fenoli, kemikali za mmea unaooza, zinajikusanya, zinavidhoofisha hata vile vya selulosi. Chota tope chini ya magugu ya zamani uone: majani yamekwisha, lakini mizizi ile myeusi yenye nyuzi kama manyoya bado unaitambua. Hiyo chupa haileti oksijeni, msipoteze hela ya kikundi.

Yavuteni nchi kavu, yanyauke kwanza, maana zaidi ya asilimia 90 ya uzito wake ni maji. Yakatekateni, changanyeni na mabua makavu ya mahindi, na rundo lipinduliwe kila wiki. Ukilifungua asubuhi linafuka mvuke. Pembeni utaona nyuzi nyeupe za kuvu, na lile bua la magugu lililo kama sifongo ukilibonyeza linasagikia vidoleni. Katikati joto lifike nyuzijoto 55 hadi 60 ili mbegu zife. Mkisikia amonia kali, naitrojeni inapotea, ongezeni mabua.

Kingine, angalieni mnavuna wapi. Mizizi hii inanasa madini mazito, na hakuna kimeng'enya kinachovunja madini ya risasi. Magugu ya karibu na mfereji wa kiwanda mboji yake siipeleki kwenye mchicha, naiweka kwenye miti ya kivuli tu.