Darasa langu la hesabu linaingia kwenye mfuko

Kila Septemba shule zikifunguliwa hapa Bukavu, mashariki mwa Kongo, hakosi kijana aliyemaliza ISP, chuo cha walimu, juzijuzi wa kuniuliza: "Mkubwa, darasa la hesabu linapangwaje?" Na mimi humwuliza: darasa gani? Kwetu wanafunzi hawahami chumba, anayehama ni mwalimu. Kengele ikilia unaingia chumba alichotoka mwenzako wa jiografia sasa hivi, ubao umejaa mito, kitambaa cha kufutia hakionekani, na usipoangalia nusu ya kipindi inapotea hapo.

Ninafundisha la saba na la nane, madarasa ambayo wazazi wengi bado wanayaita ya kwanza na ya pili sekondari. Watoto wametoka kwenye ENAFEP, mtihani wa taifa wa kumaliza shule ya msingi, wakijiona wakubwa, na mwisho wa la nane TENASOSP, mtihani wa taifa wa kuwachagulia njia ya masomo, inawangoja. Mwaka wangu wa kwanza nilikesha nikichora mabango kwa rangi tatu: jedwali la kuzidisha, aina za pembe, sehemu. Nikayabandika Jumatatu. Jengo letu linatumiwa na shule mbili, moja asubuhi, nyingine mchana. Jumatano nilikuta bango la pembe limefungia karanga.

Tangu hapo kila kitu cha darasa langu kinakaa kwenye mfuko mmoja wa begani. Chaki zangu mwenyewe, ndani ya plastiki kwa ajili ya unyevu. Kamba yenye vifundo 13 vilivyoachana sawasawa, ya kupatia pembe mraba kwa 3, 4 na 5, kama fundi anavyopima kona ya nyumba. Mkanda wa kikwembe (kitenge) kikuukuu, nitaueleza. Na vibao 20.

Kama utachukua jambo moja tu kwangu, chukua vibao. Nilikata karto ngumu za maboksi ya dukani, nikaponda makala, yaani makaa ya kupikia, hadi yakawa unga laini, nikachanganya na uji mzito wa unga wa muhogo, nikapaka mara mbili, nikaanika. (Usivifute kwa maji hata siku moja, uji unalainika na rangi yote inabaki mkononi. Kitambaa kikavu kinatosha.) Nina wanafunzi 58 kwenye banki (madawati) 20: banki 18 zina watatu watatu, mbili za nyuma zina wawili wawili. Kila banki kibao kimoja. Ninaandika swali, banki inajadiliana, nasema "Juu!", majibu 20 yananitazama kwa mara moja.

Zamani nilikuwa nauliza, "Mmeelewa?" Watoto 58 wanajibu, "Ndiyooo!" Ndiyo ile haina kitu ndani. Mtoto husema ndiyo ili uendelee na akuache. Siku ya kwanza ya vibao niliuliza nusu jumlisha theluthi, na banki 13 zikanionyesha 2/5. Walikuwa wamejumlisha juu kwa juu na chini kwa chini, na wiki mbili nzima mimi nilikuwa nikidhani tumeshapita hapo.

Ndipo ulipoingia mkanda wa kikwembe. Nimeugawa mafungu sita, kila fungu ni yadi moja, maana kila mtoto amemsikia mama yake akizungumzia kikwembe cha yadi 6. Mama anachukua nusu: yadi ngapi? Tatu. Dada anachukua theluthi: mbili. Zimekwenda tano katika sita, basi 5/6. Halafu nikawauliza kuhusu 2/5 yao: mama peke yake ameshachukua nusu, na 2/5 haifiki nusu. Tumeongeza sehemu ya dada, kitambaa kikapungua? Walicheka. Yule aliyecheka kwa sauti kuliko wote ndiye aliyekuwa ameandika 2/5 kwa chaki nzito kabisa.

Sasa jambo ambalo wenzangu wengine hawalipendi. Mtihani ni kwa Kifaransa, najua, na ubaoni tunaandika Kifaransa. Lakini kwenye banki wajadiliane kwa Kiswahili, na kwa Mashi, lugha ya kwetu, wanaotaka. Kabla ya kukokotoa namwambia mmoja, "Hebu nihadithie swali hilo." Hapo ndipo utagundua kwamba mtoto uliyempa sifuri hakushindwa kugawa kwa tatu. Alikutana na neno "le tiers", yaani theluthi, na hakulijua. Alijua "trois" (tatu), akajua "troisième" (ya tatu), ila "tiers" hakuna aliyewahi kumwambia. "Le quart" nalo vilevile, ingawa robo anaijua tangu anatumwa dukani. Siku hizi kila swali refu tunalihadithia kwanza. Linakula dakika tatu, na mimi sizionei uchungu.

Namba hasi ninazifundisha kwa madeni, sikuona njia bora zaidi. Ukidaiwa franka 500 mara mbili, una hasi 1.000. Na hasi mara hasi? Mwenye duka akikufutia madeni mawili ya franka 500, kukufutia ni kukuondolea, umetoka hapo na nafuu ya franka 1.000. Huo si uthibitisho ambao mhadhiri wa ISP angeukubali, lakini mtoto wa la saba anaondoka nao na hausahau.

Kuhusu kelele sina siri. Banki moja kwa zamu hupewa swali la kuanzia tangu jana yake, na mwalimu anayenitangulia akitoka tu, shefu (kiongozi) wa darasa anafuta ubao, banki ile inaliandika. Mimi nikifika mlangoni watu wameshainama. Acha pia njia ya kupita ukutani, hata kama ni ya kubana, kwa sababu wanaokaa ukutani ndio wanaojifunza kujificha.

Kinachoniumiza zaidi ni minervali, karo ya shule. Shule ya msingi ni bure tangu 2019, sekondari sivyo, na mtoto anaweza kurudishwa nyumbani wiki nzima katikati ya somo la sehemu, akarudi tumeshafika kwenye uwiano. Sina mamlaka juu ya hilo. Ninachoweza ni kaye (daftari) moja nene ya darasa: kila siku mwanafunzi mmoja mwenye mwandiko mzuri anaandika humo somo lote, na inakaa kwa shefu. Anayerudi anaichukua jioni, na kesho yake anakaa katikati ya wawili wanaojua. Simwulizi mbele ya wenzake alikuwa wapi. Wote wanajua alikuwa wapi.

Na mvua. Mvua ya Bukavu ikipiga mabati, hata ukipaza sauti wa banki ya pili hakusikii. Zamani siku hizo nilikuwa nakaa kungoja ipungue. Sasa ninaandika swali, ninanyoosha mkono, vibao vinapanda, ninaonyesha kidole banki iliyokosea, inafuta, inaandika tena. Mwezi wa nne tulimaliza mazoezi manane hivyo, bila mtu kusema neno, na ilipokatika bado walikuwa wakinionyesha vibao kimyakimya.