Uliza Tukujibu: Meno Meupe kwa Vitu vya Jikoni

Barua za toleo hili zote zinazunguka jambo moja, kung'arisha meno bila kwenda kliniki. Tumeyaunganisha maswali yanayofanana. Majibu yametoka kwa jopo letu la afya ya kinywa.

Napiga mswaki asubuhi na usiku bila kukosa, lakini meno yangu bado ni ya njano. Nianze na kipi: limau, mkaa au magadi soda? (Mnywa chai)

Ndugu msomaji, kabla ya kuchagua, jua kwanza hiyo njano imekaa wapi. Jino limefunikwa na enameli, kitu kigumu kuliko vyote mwilini, nayo hupitisha mwanga. Chini yake kuna dentini, ambayo kwa maumbile yake ina unjano. Kwa hiyo jino zima, lisilo na ugonjwa wowote, linaweza kuwa la rangi ya maziwa yaliyokolea, na hilo si uchafu. Kadiri umri unavyosonga enameli hulika na dentini huongezeka unene, basi njano nayo inazidi. Njano ya namna hiyo haitoki kwa kusugua. Ukizidisha kusugua unaipunguza enameli, na dentini inaonekana zaidi ya mwanzo.

Fanya hivi. Simama karibu na dirisha mchana, futa meno kwa kitambaa safi mpaka yakauke, kisha tazama kwenye kioo. Madoa ya kahawia yaliyojibanza kandokando ya ufizi, kwenye nafasi kati ya jino na jino, na nyuma ya meno ya mbele ya chini, ni ya juu juu: chai, kahawa, tumbaku. Yaguse taratibu kwa kijiti cha meno. Yakibanduka kidogo, ni madoa au ukoga, na unaweza kuyashughulikia nyumbani. Ukikuta kitu kigumu kilichoshikamana na jino, ambacho ulimi unakisikia kama kingo, huo ni ugaga. Ukoga laini huanza kugeuka ugaga ndani ya siku 1 hadi 3 usipoondolewa, na ukishaganda hakuna mswaki wala unga wa jikoni utakaoutoa. Huo ni wa kusafishwa kwa vifaa vya daktari. Tafadhali usiuchokonoe kwa pini wala wembe.

Na kama rangi ni moja tangu kwenye ufizi hadi ncha ya jino, bila mabaka, hiyo imo ndani.

Katika vitatu ulivyovitaja, tunachokikubali ni magadi soda peke yake, tena kwa madoa ya juu tu.

Basi nipeni vipimo vya magadi soda. Kila mtu anasema lake. (Msomaji wa siku nyingi)

Tunamaanisha ule unga mweupe laini wa kupikia, bikaboneti ya sodiamu. Magadi ya mawe siyo: yale ni makali, na mara nyingi yana floraidi nyingi, madini ambayo kwa kiasi hulinda meno lakini yakizidi huyatia madoa. Unga wa kuumulia keki nao siyo, kwa sababu umechanganywa na asidi na wanga.

Chukua nusu kijiko cha chai, dondoshea maji mpaka upate uji mzito unaokaa juu ya mswaki bila kuchuruzika. Tumia mswaki wenye nywele laini. Ushike kwa ncha za vidole badala ya kuukamata kwa kiganja kizima, maana mkono ukishika hivyo hauwezi kukandamiza sana. Zungusha viduara vidogo kwa dakika 1 hadi 2, ukikazia pale penye madoa, tema, sukutua. Mara 1 au 2 kwa wiki inatosha. Kisha malizia kwa dawa yako ya meno ya kawaida yenye floraidi, kwa kuwa magadi soda hayana floraidi na hayazuii meno kutoboka. Anayeacha dawa ya meno kabisa na kubaki na soda anabadilisha madoa kwa matundu.

Inafanya kazi kwa sababu chembe zake ni laini kuliko enameli, na huyeyuka kwenye mate kabla hazijakwaruza sana. Ukali wa vitu vya kusugulia meno hupimwa kwa kipimo kiitwacho RDA. Magadi soda yana takriban 7, wakati kiwango cha juu kinachoruhusiwa kimataifa kwa dawa za meno ni 250. Linaloharibu kazi ni kuunyunyiza unga mkavu juu ya mswaki, kusugua mbele nyuma kama anayepiga msasa, na kufanya kila siku kwa kuwa "matokeo yanachelewa". Ukiweza kupata dawa ya meno iliyotengenezwa kwa magadi soda pamoja na floraidi, hiyo ni bora kuliko uji wako.

Ili usijidanganye, piga picha ya meno ukiwa umeshika karatasi nyeupe kando ya mdomo, dirisha lile lile, saa ile ile, kabla ya kuanza na baada ya wiki 3. Usipoona tofauti kwenye picha, rangi yako haikuwa ya juu.

Nimechanganya soda na limau, ikatoa povu jingi na meno yakaonekana meupe siku hiyo hiyo. Kwa nini mnalikataza? (Aliyekwisha jaribu)

Povu lile ni gesi ya kaboni dioksaidi inayotoka asidi ya limau inapokutana na soda. Linavutia macho, lakini halina kazi kwenye jino. Vitu viwili hivyo vinauana: soda ikizidi, limau limepotea bure, na limau likizidi, unapiga mswaki kwa asidi.

Weupe uliouona ni wa kweli, ila chanzo chake ni kibaya. Enameli huanza kuyeyuka pH, yaani kipimo cha uchachu ambacho kadiri kinavyoshuka ndivyo uchachu unavyozidi, ikishuka chini ya 5.5 hivi. Maji ya limau yako kwenye 2 na kidogo, na siki haiko mbali na hapo. Asidi huila enameli ya juu na kuiacha na vishimo visivyoonekana kwa macho. Uso uliokuwa laini na wenye mng'ao unakuwa kama chokaa, unatawanya mwanga, na jicho linaona weupe. Mate hurudisha sehemu ya madini yaliyolainika, lakini tabaka lililokwisha kuondoka halioti tena, kwa kuwa enameli haina chembe hai za kuliotesha. Miezi ikipita, njano ya dentini inaanza kuchungulia na maji baridi yanatia ganzi. Ndipo mtu anaongeza limau.

Hesabu ni hiyo hiyo kwa siki ya tufaha na maji ya ndimu. Na ukila au kunywa kitu kichachu, sukutua kwa maji matupu, subiri angalau dakika 30 ndipo upige mswaki. Ukipiga papo hapo unasugua enameli iliyolainika.

Kama ganzi imeshaanza, acha asidi leo. Tafuta dawa ya meno ya ganzi yenye potasiamu naitreti, tumia mara 2 kwa siku, usisukutue sana baada ya kutema. Ipe wiki 2 hadi 4. Ikikataa, nenda ukaonwe.

Mkaa je? Mbona unauzwa hadi ndani ya dawa za meno? (Mwenye mashaka)

Kuuzwa ni jambo moja. Mwaka 2017 jarida la Chama cha Madaktari wa Meno cha Marekani lilichapisha mapitio ya tafiti zilizokuwapo kuhusu mkaa wa meno, na hitimisho likawa kwamba ushahidi hautoshi kuthibitisha kuwa ni salama au kwamba unang'arisha. Mkaa unaweza kukwangua madoa ya juu, kweli, lakini hauwezi kunyonya rangi iliyo ndani ya jino. Wa kusaga nyumbani ndio mbaya zaidi: chembe zake hazilingani, nyingine zina kona kali. Zile ndogo hujificha kwenye nyufa za enameli, chini ya ufizi na kwenye kingo za meno yaliyozibwa, na kuacha mstari mweusi ambao mtu anakuja kuusafisha kwa gharama.

Ganda la ndizi, stroberi, manjano, chumvi, kusukutua mafuta ya nazi. Kipi ni kweli? (Wasomaji kadhaa)

Ganda la ndizi halina madhara wala faida. Stroberi zilizopondwa pamoja na magadi soda zilipimwa na watafiti wa Chuo Kikuu cha Iowa mwaka 2014, na hazikung'arisha meno. Tena ni tunda lenye asidi na sukari. Manjano hayang'arishi, na yanatia rangi mswaki na kingo za meno yaliyozibwa. Maji ya uvuguvugu yenye chumvi, nusu kijiko cha chai kwa glasi, yanatuliza ufizi uliovimba. Chumvi kavu ya kusugulia inakwaruza ufizi bure. Mafuta ya nazi huenda yakapunguza ukoga kidogo, lakini rangi hayaibadilishi, na usisukutue ukiwa umelala chali: mafuta yakipenya kwenye mapafu yanaleta homa ya mapafu.

Sitaki kuacha chai wala kahawa. Nifanyeje? (Mraibu)

Huna haja ya kuacha. Tatizo kubwa ni kunywa kidogo kidogo mchana kutwa, kikombe kimoja kikikaa mezani kwa muda wa saa 3. Kunywa umalize, kisha sukutua kwa maji. Chai yenye maziwa hutia madoa machache kuliko ya rangi, kwa kuwa protini ya maziwa hushikana na tanini, kitu cha kwenye chai kinachotia madoa, kabla haijashika jino. Kinywaji baridi kinywe kwa mrija. Angalia pia dawa ya kusukutulia: zenye klorheksidini, dawa ya kuua vijidudu, zikitumika wiki kadhaa huacha madoa ya kahawia, hasa kwa mnywaji wa chai. Dawa ya madini ya chuma ya maji nayo hutia weusi. Hiyo pia inywewe kwa mrija.

Meno yangu yana michirizi ya kahawia tangu utotoni, kushoto na kulia inafanana. Soda itaitoa? (Mwenye aibu ya kucheka)

Haitaitoa. Michirizi inayofanana pande mbili inaonyesha kuwa meno hayo yalipata shida wakati mmoja, yakiwa bado yanatengenezwa ndani ya taya. Mara nyingi ni floraidi iliyozidi kwenye maji ya kunywa. Shirika la Afya Duniani linashauri isizidi miligramu 1.5 kwa lita. Kuchemsha maji hakuiondoi, bali hukoleza, maana maji hupungua na floraidi inabaki. Dawa za tetrasaiklini, aina ya antibiotiki, kabla ya umri wa miaka 8 nazo huacha mistari ya kijivu au kahawia. Daktari anaweza kusugua tabaka jembamba mno kwa dawa maalumu, kujaza utomvu maalumu wa meno (resini) ndani ya enameli au kufunika jino. Nyumbani hakuna kitu.

Jino langu moja tu la mbele limekuwa jeusi. (Anayeharakisha)

Usilisugue, na usilisubirie. Jino moja likibadilika peke yake, mara nyingi mshipa wake wa ndani umekufa, pengine kwa pigo la zamani, hata kama haliumi. Linahitaji picha ya eksirei. Likitibiwa mzizi, linaweza kung'arishwa kwa ndani.

Peroksaidi ya hidrojeni ya duka la dawa ni ya asili? (Msomaji)

Si ya asili, lakini ndiyo inayoweza kubadilisha rangi ya ndani, kwa kupenya enameli na kuvunjavunja chembe za rangi. Umoja wa Ulaya tangu 2012 hauruhusu bidhaa za kung'arisha zenye zaidi ya asilimia 0.1 kuuzwa moja kwa moja kwa mtu, na zile za hadi asilimia 6 lazima zianzie kwa daktari wa meno, tena si kwa walio chini ya miaka 18. Ile ya vidonda ya asilimia 3 haikutengenezwa kwa ajili ya kulala nayo mdomoni, na ya asilimia 35 inaunguza ufizi. Ukiitaka njia hii, daktari akuchongee kibebeo kinacholingana na meno yako. Kumbuka pia kwamba meno yaliyozibwa na ya bandia hayabadiliki rangi, kwa hiyo yanaweza kuanza kujitokeza.

Mwanangu wa miaka 7 ameota meno mapya ya mbele, ni ya njano kuliko ya utoto. Nimpake nini? (Mama)

Mama, usimpake kitu. Meno ya utoto ni meupe zaidi kwa maumbile, na ya ukubwani yakiota kando yake yanaonekana ya njano kwa kulinganishwa. Ya utoto yakishang'oka yote, tofauti hiyo hutaiona. Enameli ya jino jipya bado haijakomaa, kwa hiyo asidi na vitu vya kukwangua vinaiumiza haraka. Mpe dawa ya meno yenye floraidi, kiasi cha punje ya njegere, mara 2 kwa siku, nawe umsimamie mpaka ajue kutema vizuri.