Mrututu uliogeuka mweupe

Mkuu, umeuliza kama mrututu wako, yaani ile chumvi ya shaba ya buluu (kopa salfeti), umeharibika baada ya kuupasha moto ukawa unga mweupe. Haujaharibika. Ubuluu unatokana na maji yaliyoshikwa ndani ya chembe zake. Moto ukiyafukuza, weupe hubaki. Dondoshea tone la maji uone buluu ikirudi, tena utoe na joto. Ungekuwa mweusi, hapo sawa, ungeshaungua.

Viwandani unatumika kupaka vyuma shaba kwa umeme, na wakulima huuchanganya na chokaa kuua kuvu wa mizabibu. Ila usiukorogee kwenye ndoo ya bati! Shaba iliyo ndani ya mrututu inaganda kwenye kuta za ndoo, bati linaliwa, ndoo inatoboka. Tumia plastiki.

Vumbi lake linachoma macho, na ukimezwa unatapisha na kuumiza ini na figo. Mabaki usimwage mtoni, samaki hawauwezi hata ukiwa kidogo.