Re: Watoto wanaiga tu video za simu, nifanyeje wabuni ngoma yao?

Ndugu yangu, umeuliza ufanyeje na watoto 20 hapo Ujiji wanaoiga tu wanachokiona kwenye simu. Zima spika kwanza. Mimi huwa naanza na kazi wanayoiona kila siku: kuanika dagaa. Kila mmoja aanike, kwa mwili tu, bila kusema. Halafu waambie mvua imeanza, dagaa waokolewe haraka. Halafu dagaa wamekuwa wazito kama mawe. Hapo utaona maajabu. Kuna binti mmoja mkimya alijigeuza dagaa mwenyewe, akaanguka mchangani anapapatika, wenzake wakaacha kucheka wakaanza kumzunguka.

Hiyo njia si yangu. Rudolf Laban, mwalimu wa dansi, aliifundisha Uingereza miaka ya 1940: badili nafasi, uzito, kasi, na unayecheza naye. Wasukuma nao wana bugobogobo, ngoma inayochezwa na majembe; jembe la shambani limeingia kwenye ngoma zamani sana.

Bibi zao waite siku ya tatu, si ya kwanza. Wakija mapema watasahihisha kila hatua (wa kwangu walifanya hivyo, kazi ikalala). Mpigaji ngoma mmoja anatosha, naye awafuate watoto.