Kabla ya Mistari, Sikiliza Ngoma

Mdogo wangu unayeandika mistari usiku wengine wakiwa wamelala, nipe dakika zako chache. Nilianza kuchana, yaani kurap, nikiwa na miaka 15, na kwa muda mrefu nilijua wachanaji tu. DJ sikumjali kabisa. Siku moja kaka mmoja wa mtaani, aliyekuwa akipiga muziki kwenye harusi, akaniuliza hii hip-hop ninayoipenda ilianzia kwa nani. Nikamtajia mchanaji. Akanivutia kiti mbele ya mashine zake mbili za santuri, akaanza kunisimulia.

Nawe anzia hapo hapo: Bronx, New York, tarehe 11 Agosti 1973. Msichana aitwaye Cindy Campbell alitaka pesa za nguo mpya za shule, akaandaa disko katika ukumbi wa jengo walimoishi, namba 1520 Sedgwick Avenue. Kiingilio kilikuwa senti 25 kwa wasichana na senti 50 kwa wavulana. Aliyepiga santuri ni kaka yake Clive, miaka 18, maarufu kama Kool Herc.

Herc alikuwa na jicho kwa wachezaji. Aliona kuwa wengi wanasubiri pale sauti za waimbaji zinaponyamaza na kubaki ngoma na besi. Hapo ndipo wanajimwaga uwanjani. Lakini kipande hicho ni kifupi mno, kinakwisha mtu hajatoka hata jasho. Basi akachukua nakala mbili za santuri moja, akaziweka kwenye mashine mbili. Ngoma ikikaribia kuisha huku, anaiwasha kule, kisha anairudisha ile ya kwanza nyuma. Sekunde zikawa dakika. Rafiki yake Coke La Rock akashika maiki, akiwasalimu watu kwa majina na kuwapandisha mori. Kwa hiyo mchanaji alikuja kumsindikiza DJ na mchezaji, na mimi nilikuwa nimewaruka wote wawili.

Usidhani Bronx ile ilikuwa mahali pa raha. Barabara kuu ilikuwa imepasua mitaa na kuzihamisha familia nyingi, majengo yaliungua, magenge yaligawana vichochoro. Mwaka 1971 viongozi wa magenge walikaa kikao cha amani baada ya kijana mpatanishi kuuawa. Bila utulivu ule, ingekuwa vigumu kwa vijana wa mtaa mmoja kwenda kucheza mtaa mwingine.

Sasa lile ninalotaka ulishike. Herc alizaliwa Kingston, Jamaica, akahamia New York akiwa na miaka 12. Alikulia palipokuwa na spika kubwa za mtaani na watu wa kughani juu ya muziki. Alipowapigia wana Bronx nyimbo za Jamaica, hazikuwashika. Hakuwalazimisha. Aliuweka ule ufundi wa kwao juu ya muziki waliokuwa wakiupenda wao, wa kina James Brown, mwimbaji wa Kimarekani. Ndivyo hip-hop ilivyofika kwetu pia: mwaka 1991 Saleh Jabir, mchanaji wa Tanzania, alichana kwa Kiswahili juu ya biti za Wamarekani, na baadaye kundi la Kalamashaka wakausimulia mtaa wao wa Dandora, Nairobi, kwa lugha ya Dandora. Mimi wakati huo nilikuwa bado nabana pua nitoe lafudhi ya New York, mistari yangu haina hata jina la kituo cha daladala ninachoshukia.

Weka daftari pembeni wiki moja. Chukua nyimbo tatu za zamani wanazozipenda nyumbani, taarabu, dansi, chochote. Sikiliza mpaka uimbaji unyamaze na ngoma zibaki peke yake. Andika dakika na sekunde. Kirudie kipande hicho kwenye simu mara ishirini, na muombe dada au rafiki anayejua kucheza akicheze mbele yako. Tazama miguu yake. Akishachoka, fungua daftari.